Doto kaungua siku ya mawingu, pacha wake hana hata alama

SWALI

Habari za kazi, Daktari.

Mimi ni mama wa mapacha, Kulwa na Doto. Wana miaka tisa, tunaishi Magu karibu na ziwa. Kulwa ni mweusi kama baba yake, Doto ana ualbino.

Jumamosi iliyopita hakukuwa na shule, wakaenda mwaloni na bibi yao kusaidia kuanika dagaa mchangani. Walitoka saa tatu asubuhi, wakarudi saa saba mchana. Kulikuwa na mawingu na upepo wa ziwani, joto hakuna kabisa, kwa hiyo sikumkazania Doto avae kofia. Alivaa gauni la mikono mifupi. Aliporudi alikuwa mzima, akala, akacheza na wenzake. Jioni uso ukaanza kuwa mwekundu, usiku akapata homa na midomo ikavimba, kesho yake malengelenge yakatoka mikononi na nyuma ya shingo. Kulwa walishinda pamoja bega kwa bega, yeye hana kitu.

Asubuhi ya siku hiyo nilimpaka mafuta kinga ya SPF 50 niliyonunua duka la dawa. Nakiri huwa nabana matumizi maana chupa ni ghali: tone usoni, tone kila mkono, mara moja kwa siku. Yakiisha nampaka mafuta ya nazi mpaka nipate hela nyingine.

Bibi yao anasema tunamdekeza, apewe jua kidogo kidogo ngozi ikomae kama ya wenzake. Kliniki walishatuambia jua la asubuhi linajenga mifupa, sasa naogopa nikimfunika sana atapata matege. Jirani naye anasema ngozi ya watoto hawa haina zile seli za rangi.

Lingine: mgongoni mwa viganja na kwenye paji la uso ana mabaka madogo makavu, ukipitisha kidole yanakwaruza kama msasa. Na mdomo wa chini una kidonda kidogo kinachobanduka na kurudi, huu ni mwezi wa pili.

Kila ninayemuuliza ananijibu "mkinge na jua" basi. Naomba unieleze jua linafanya nini humo ndani ya ngozi, nielewe ninachokifanya. Na Kulwa naye apakwe?

Mama Kulwa, Magu

JIBU

Mama Kulwa, pole kwa kuuguza. Nitakueleza kwa kirefu kama ulivyoomba, ila lile uliloliweka mwishoni ndilo la kwanza kushughulikiwa, yaani kidonda cha mdomo.

Kidonda cha mdomo wa chini kwa mtoto mwenye ualbino, kinachobanduka na kurudi kwa zaidi ya wiki nne, hakitibiwi kwa kupakwa kitu nyumbani. Mpeleke wiki hii hospitali ya wilaya. Mwambie daktari mambo matatu bila kuzunguka: ana ualbino, kidonda kina miezi miwili, unaomba rufaa kliniki ya ngozi. Kwa watu wa Magu hospitali kubwa ya karibu ni Bugando, Mwanza. Huko wakitilia shaka watampiga ganzi, wakate kipande kidogo na kukipeleka maabara. Kwa umri wake uwezekano mkubwa ni kwamba ngozi ya mdomo imeharibiwa na jua lakini haijageuka saratani. Hata hivyo usisubiri, kwa sababu saratani ikianzia mdomoni huwahi kuhamia kwenye tezi kuliko ikianzia sehemu nyingi za ngozi. Kabla hamjaondoka, papasa chini ya taya na chini ya kidevu. Ukikuta uvimbe mgumu usiouma, mtajie daktari.

Siku hiyohiyo waonyeshe yale mabaka yanayokwaruza. Yanaitwa keratosisi za jua, na yakiwahiwa hutibika vizuri. Njia ya kawaida ni kuyapulizia naitrojeni ya maji, ambayo baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa sekunde chache kila baka. Inachoma wakati inapulizwa, kesho yake hutokea lengelenge, na ndani ya wiki moja au mbili huwa gamba linalodondoka lenyewe. Usilibandue. Yakiwa mengi na yametapakaa, daktari anaweza kutoa krimu ya fluorourasili. Krimu hiyo hutia wekundu na vidonda vidogo wakati inafanya kazi, na wazazi wengi huiacha katikati wakidhani mtoto kadhurika. Uliza mapema mtaipaka kwa siku ngapi na ngozi itaonekanaje njiani, ili usiogope.

Sasa turudi Jumamosi ile.

Jua hutuletea mwanga tunaouona, joto tunalolihisi, na mionzi ya urujuanimno, ambayo kwenye chupa za mafuta huandikwa UV. Hii ya tatu haionekani wala haihisiwi. Upepo wa ziwani ulipoza joto tu. Mionzi haipozwi na upepo. Mawingu mepesi hupitisha hadi asilimia 80 yake. Mchanga mkavu hurudisha juu karibu asilimia 15 ya mionzi inayoupiga, kwa hiyo mtoto aliyeinama anaanika dagaa hupigwa na juu na chini. Mwambao wenu uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi huongezeka kwa asilimia 10 hivi.

Halafu kuna suala la saa, ambalo watu wa Kanda ya Ziwa wengi hawaambiwi. Saa ya Tanzania imepangwa kwa longitudo ya 45 mashariki, ninyi mko karibu na 33. Kwa hiyo kwenu jua halifiki juu kabisa saa sita kamili, linafika kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Watoto walikaa mchangani kuanzia mionzi inapanda hadi ilipofika kileleni. Njia rahisi ya kupima ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko urefu wa mtoto mwenyewe, mionzi ni mikali, hata kama anasikia baridi. Kwenu kivuli hubaki kifupi tangu kama saa nne kasorobo asubuhi hadi saa kumi kasorobo alasiri. Siku ya mawingu mazito kivuli hakionekani, basi tumia saa.

Mionzi inayofika ardhini ni ya aina mbili. UVA, ya mawimbi ya nanomita 315 hadi 400, ni karibu asilimia 95 ya yote. Hupenya ngozi hadi tabaka la ndani, kwenye seli zinazotengeneza kolajeni inayoshikilia ngozi isilegee, na hupita pia kwenye kioo cha dirisha. UVB, ya nanomita 280 hadi 315, ni kidogo, huishia zaidi tabaka la juu na kioo huzuia sehemu kubwa yake, lakini ndiyo inayounguza haraka.

Tabaka hilo la juu lina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita katika sehemu nyingi za mwili. Chini kabisa kuna seli zinazogawanyika kila mara. Seli changa hupanda taratibu, hufa zikiwa juu na kubanduka, safari ya kama mwezi mmoja. Ndani ya kila seli hai kuna kiini, na ndani ya kiini kuna DNA, maandishi marefu ya herufi nne yanayoiongoza seli. UVB ikipiga mahali ambapo herufi mbili za T zimepakana, au T na C, au C na C, huzigandisha pamoja. Hilo hutokea kwa sehemu ndogo mno ya sekunde na haliumi hata kidogo. Doto alipokuwa akigeuza dagaa saa nne asubuhi, seli zake zilikuwa zimeshaanza kupata magando hayo, na yeye hajui.

Seli haikai kimya. Kuna protini zinazokagua DNA. Zikikuta gando hukata kipande cha herufi kama 30 chenye gando ndani yake, huandika upya kwa kufuata uzi wa pili wa DNA, kisha huunga. Kazi hii ni ya uhakika lakini polepole. Baada ya saa 24 sehemu kubwa ya magando ya aina iliyo ya kawaida zaidi huwa bado hayajaondolewa. Ndiyo maana kwenda mwaloni Jumamosi na tena Jumapili ni kubaya kuliko mara mbili zilizoachana kwa wiki. Wakati ukarabati unaendelea, protini nyingine iitwayo p53 huongezeka na kuizuia seli isigawanyike, isije ikanakili makosa. Uharibifu ukipita kiasi, p53 huiamuru seli ife. Ngozi inayochunika siku kadhaa baada ya kuungua ni seli zilizokufa kwa wingi namna hiyo.

Wakati huohuo seli zilizojeruhiwa hutoa kemikali zinazopanua mishipa ya damu, na hapo ndipo wekundu, joto na maumivu hutokea. Kemikali hizo huchukua muda: wekundu huanza baada ya saa tatu hadi tano na kufikia kilele kati ya saa 12 na 24. Kwa hiyo saa saba Doto alikula na kucheza kama kawaida ingawa seli zilikuwa zimeshaharibika. Naomba ulishike hili kuliko yote niliyoandika: ukisubiri mtoto aseme "naungua" ndipo umtoe juani, umechelewa kwa saa kadhaa. Cha kuhesabu ni dakika alizokaa kwenye mionzi.

Kuhusu midomo kuvimba, kuna jambo la ziada. Tabaka la juu la ngozi lina seli za kinga zinazoitwa seli za Langerhans, kazi yake ni kutambua vijidudu na seli zilizoharibika. UVB huzipunguza kwa siku kadhaa, na virusi vya malengelenge ya mdomoni hutumia nafasi hiyo kuibuka. Daktari aangalie kama ndicho kilichotokea, kwa sababu dawa yake ni tofauti.

Kulwa je? Jirani yako amekosea, ingawa kosa lake ni la kawaida sana. Doto anazo seli za rangi, melanosaiti, kwa idadi ileile aliyo nayo pacha wake. Tofauti iko kwenye kazi yake. Kwa Kulwa, seli hizo hutengeneza melanini, yaani rangi yenyewe, ndani ya vifuko vidogo na kuvigawa kwa seli jirani, na kila seli huvipanga juu ya kiini chake, upande unaotoka jua, DNA ikae chini yake. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 huko Marekani vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha asilimia 7.4 ya UVB, la ngozi nyeupe asilimia 24. Kwa UVA ni asilimia 17.5 kwa 55. Na hao weupe bado hutengeneza melanini kiasi. Kwa Doto hata hicho kiasi ni kidogo mno. Ualbino ulio wa kawaida zaidi Afrika Mashariki unatokana na hitilafu kwenye jeni iitwayo OCA2. Protini yake husaidia kuweka sawa uasidi ndani ya vile vifuko. Usipokuwa sawa, kimeng'enya cha tirosinasi hakifanyi kazi yake na melanini haitengenezwi inavyotakiwa.

Hapo ndipo ushauri wa bibi unapogonga mwamba, na tafadhali mweleze kwa upole maana nia yake ni njema. Ngozi ya Kulwa huzoea jua kweli. Seli zake zikipigwa na mionzi, p53 pia huwasha utengenezaji wa homoni inayoziambia melanosaiti ziongeze melanini, naye anazidi kuwa mweusi. Kwa Doto amri inatoka, melanosaiti zinaipokea, na kazi inakwamia kwenye vifuko. Hakuna ngao inayoongezeka. Kila "kidogo kidogo" anayopewa inabaki ndani ya seli kama makosa.

Makosa hayo ndiyo yaliyozaa mabaka. Seli ikigawanyika kabla gando halijaondolewa, herufi C inaweza kunakiliwa kuwa T, na kuanzia hapo kosa ni la kudumu. Likiangukia kwenye jeni ya p53 yenyewe, seli hiyo haisikii tena amri ya kufa. Mtoto akiungua tena, majirani wazima wanakufa, yenyewe inabaki, inagawanyika na kujaza nafasi zao. Baka unaloligusa lina seli nyingi za ukoo wa namna hiyo. Watu wenye ualbino wa ukanda wetu wasiopata kinga huanza kupata saratani ya ngozi iitwayo ya seli bapa wakiwa na miaka ya ishirini na thelathini, umri ambao wengine bado hawaifikirii kabisa. Doto ana miaka tisa, na seli zake nyingi bado nzima. Kuna kitu kikubwa cha kulinda.

Anza na nguo, si mafuta. Nguo haifutiki kwa jasho, haihitaji kurudiwa kila saa na hainunuliwi kila mwezi. Inyooshe nguo dhidi ya taa au dirisha: ukiona mwanga unapenya katikati ya nyuzi, mionzi nayo inapenya. Blauzi nyeupe nyepesi ya shule mara nyingi haifai ikiwa peke yake, na ikilowa maji hupitisha zaidi. Jinzi, khaki nzito na polista iliyofumwa kwa kubana ni nzuri, rangi iliyokolea ni bora. Mikono ifike kwenye kifundo, kola isimame kufunika shingo nyuma, sketi ifike chini na soksi juu. Mwambie fundi ashone kofia yenye ukingo wa sentimita 8 hadi 10 kuzunguka pande zote, na kamba ya kufungia chini ya kidevu kwa ajili ya upepo wa ziwani. Kapelo huacha masikio na shingo wazi, na masikio ni mahali saratani inapopenda kuanzia.

Ukishamvalisha hivyo, sehemu zilizobaki wazi ni chache na mafuta yatatosha kupakwa inavyotakiwa. Namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga dhidi ya kuungua, hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Kwa kiasi hicho SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya UVB na SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo usijinyime kula kwa ajili ya kukimbilia 50. Lakini ukipaka robo ya kiasi, ile SPF 50 yako haifikii hata kazi ya SPF 15. Ndicho kilichotokea Jumamosi, na hata kingekuwa kiasi kamili cha saa mbili asubuhi, kufika saa tano kingekuwa kimeshapungua kwa jasho na kujipangusa.

Kiasi cha Doto ni hiki: nusu kijiko cha chai kwa uso, masikio na shingo mbele na nyuma, nusu nyingine kwa viganja upande wa nje na juu ya miguu kama anavaa sandali. Kijiko kimoja kwa mara moja, mililita 5. Akivaa mikono mifupi na sketi fupi atahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo. Mpake dakika 20 kabla ya kutoka, na arudie kila baada ya saa mbili akiwa nje. Siku ya shule mara mbili zinatosha kama muda mwingi yuko darasani: kabla ya kutoka nyumbani na kabla ya mapumziko ya mchana. Hiyo ni mililita 10 kwa siku, chupa ya mililita 100 kwa siku kumi za shule. Mfundishe kujipaka mwenyewe na umuonyeshe sehemu zinazosahauliwa: nyuma ya masikio, kope, mstari wa nywele, na pembeni mwa shingo. Mdomo una mafuta yake ya fimbo yenye SPF 30 au zaidi, nayo arudie kila anapomaliza kula.

Dukani soma lebo. SPF hueleza zaidi kinga ya kuungua, yaani UVB. Tafuta pia herufi UVA ndani ya duara, au PA yenye alama tatu za kujumlisha au zaidi. Mafuta yenye zinki oksidi au titani dioksidi hukinga vizuri na huwasha watoto kwa nadra. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Usiyaweke dirishani au kwenye jua, joto huyaharibu na yakishajitenga maji na mafuta hayafai tena. Mafuta ya nazi hayakingi kwa kiwango cha kumsaidia mtoto huyu, wala mafuta ya mgando. Siku mafuta kinga yakiisha, kinachobaki ni nguo na kukaa ndani.

Kuhusu gharama, kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, kulianzishwa utengenezaji wa mafuta ya Kilisun, SPF 30, kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa, na yamekuwa yakigawiwa kupitia kliniki. Ukifika kliniki ya ngozi uliza kama yapo, na jiandikishe kwenye tawi la Chama cha Watu wenye Ualbino lililo karibu, maana kliniki zinazotembea na ugawaji hutangazwa huko mapema. Apimwe ngozi yote, kichwani hadi nyayoni, kila baada ya miezi sita. Kwa sasa, mpaka mabaka yaishe, kila miezi mitatu.

Shuleni, mwone mwalimu mkuu mwenyewe. Omba ruhusa ya maandishi ya kofia na mikono mirefu ili asiadhibiwe kwa kukiuka sare, akae mbele kwa sababu ya macho lakini mbali na dirisha lenye jua, na gwaride likirefuka asimame kivulini. Michezo ya saa tisa alasiri kwenu bado iko ndani ya muda mkali, asogezwe baada ya saa kumi au acheze ndani. Kivuli cha mti mmoja kwenye uwanja wazi hupunguza mionzi kama nusu tu, kwa hiyo hata hapo kofia isivuliwe. Kwa kuogelea ziwani, ajue kwamba nusu mita chini ya maji bado kuna karibu asilimia 40 ya mionzi iliyoko juu.

Miwani iwe na alama ya UV400. Miwani nyeusi isiyo na kinga hiyo ni mbaya kuliko kutovaa, kwa sababu mboni hupanuka gizani na kuingiza mionzi zaidi.

Ikitokea akaungua tena: mwingize ndani, mwekee kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi, si barafu, kwa dakika 10 hadi 15 mara kadhaa kwa siku, anywe maji mengi. Parasetamoli kwa uzito wake. Mtoto wa kilo 25 ni nusu kidonge cha miligramu 500 kila baada ya saa sita. Asipewe aspirini. Usipasue malengelenge, usipake dawa ya meno wala majivu. Akitapika, akilegea, au malengelenge yakitapakaa, hospitali. Na kila anapoandikiwa dawa ya ugonjwa wowote, mkumbushe mhudumu kwamba ana ualbino. Septrini na doksisaiklini, kwa mfano, huifanya ngozi iungue kwa jua kidogo zaidi.

Mifupa isikutishe. Vitamini D hutengenezwa na UVB ileile inayounguza, na jua la saa moja au saa mbili asubuhi lina UVB kidogo sana, kwa hiyo kumwanika asubuhi hakumpi kingi cha kujengea mifupa. Tena ngozi haitengenezi vitamini hiyo bila kikomo. Ikishafika kiasi fulani, jua linaloendelea huigeuza malighafi yake kuwa vitu visivyo na kazi. Ngozi isiyo na melanini hufikia kikomo hicho haraka, hivyo mionzi inayompata kwenda na kurudi shule inachangia bila yeye kuota jua. Ongeza mayai, samaki na maini. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanampa kalsiamu. Ukiona miguu inapinda au analalamika mifupa kuuma, damu ipimwe, na kama imepungua atapewa vitamini yenyewe kwa matone au vidonge.

Kulwa hahitaji kupakwa mafuta kinga kila siku. Yaache yote kwa Doto. Ila naye asishinde mwaloni kichwa wazi, kwa sababu melanini ya ngozi hailindi macho, na UVB hudhuru lenzi ya jicho la mtu wa rangi yoyote. Fundi akishona kofia ya Doto, ashone mbili za kufanana, ya pili iwe ya Kulwa, na Doto ataivaa yake bila kujiona tofauti.